Zamu ya Antipasi

Siku ya mnada pale Mungaa, gari la matangazo lilisimama mbele ya jengo lililokuwa ghala la ushirika. Amri, mwenye duka la kanda kule stendi ya Singida mjini, alishuka, akapangusa vumbi kwenye redio kwa mkono wa shati, akaingiza kanda na kuelekeza vipaza sauti upande wa watu. Mafuta ya alizeti yalikuwa kwenye mapipa, chini ya kibaraza. Foleni ilikuwa ndefu: wanawake wenye madumu na watoto mgongoni, na wanaume wachache waliotumwa na wake zao. Upepo ulikuwa ule ule wa kila siku, unaotia makapi machoni. Zeze lilianza, kisha sauti ya Mughwai ikaimba kwamba Mafuta Jua ni mepesi, Mafuta Jua ni safi, nyumba yenye Mafuta Jua haina huzuni.

Wimbo ulipofika kwenye kibwagizo, Antipasi alitokea upande wa makaburi ya kanisa. Alipita katikati ya mbuzi wa mnada, akaingia kwenye foleni. Alikuwa amevaa shati jeupe alilozikwa nalo, na rozari shingoni. Miguuni hakuwa na kitu, kwa sababu viatu vyake vilirithiwa na mdogo wake. Mama aliyekuwa nyuma yake alimwambia kwamba asiye na chombo hapangi foleni. Antipasi alitazama mikono yake, akaona ni kweli, akasogea pembeni.

Alikuwa amekufa tangu mavuno ya mwaka uliotangulia.

Philipo, mwenye kiwanda, alitoka ofisini kuangalia kwa nini foleni imepinda. Alimtambua mara moja. Alimuuliza kama amekuja kununua au kufanya kazi, na Antipasi akajibu kwa heshima kwamba amesikia anaitwa, ila hakusikia vizuri anaitiwa nini. Philipo akamtaka anyanyue mkono wa kulia. Ulinyanyuka. Basi akamwambia kwamba magunia yako nyuma, na mpakuzi mmoja hakuja leo. Antipasi alizunguka jengo, akaanza kubeba.

Watu waliendelea kununua mafuta.

Wimbo ule haukuwa wa mafuta. Mughwai aliutunga kwenye msiba wa huyo huyo Antipasi, na watu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwepo siku hiyo.

Mughwai alijulikana kutoka Mungaa hadi Mgori kwa mambo mawili, wepesi wa vidole vyake kwenye zeze na ukaidi wake. Enzi za ushirika aliambiwa awaimbie wageni waliokuja kukagua zahanati. Alikataa, akasema zahanati haina dawa na yeye hana wimbo wa kufunika kabati tupu. Walimfungia stoo mpaka wageni walipoondoka. Alipotoka aliimba wimbo wa kabati tupu, na watoto wakauimba mwaka mzima. Hakuwahi kuuza wimbo. Aliimba kwenye misiba na kwenye vilabu vya pombe, akapewa chakula, akarudi kwake. Alishika neno la baba yake mkubwa, aliyemfundisha zeze, kwamba wimbo wa marehemu ni mali ya marehemu. Matanga yakishaanuliwa, unyamaze. Ukiuimba tena, mwenyewe atadhani anaitwa.

Antipasi alikuwa rafiki yake tangu walipochunga ng'ombe pamoja. Philipo naye alikuwa karani wa ushirika. Ushirika ulipokufa, serikali ikasema sasa kila mtu afanye biashara yake, ghala likauzwa, na aliyelinunua ni yule aliyekuwa na funguo zake. Akaleta mashine za kukamua alizeti na kuajiri wanaume wa kijijini. Mkanda wa mashine kubwa ulikuwa na kinga ya bati nene. Kinga hiyo ilichelewesha usafishaji wa mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, na Philipo akaamuru itolewe. Ilitupwa nyuma ya choo. Msimu haukuisha kabla mkanda haujamshika Antipasi mkono wa shati na kumvuta.

Philipo aliwaambia polisi, kisha ndugu, kwamba marehemu alikuja kazini amelewa, na mlevi hana fidia. Antipasi alikuwa hanywi. Hata siku ya harusi yake alikunywa togwa, na watu wakamcheka.

Kwenye msiba Mughwai aliimba jina la rafiki yake, akaimba mkanda, akaimba kinga iliyokuwa nyuma ya choo, na kila ubeti ukaisha kwa maneno yale yale: Antipasi hakunywa. Watu wazima walilia. Maria, mjane, alisema kwamba kama hapati fidia, basi wimbo amepata, na kwa sasa ungetosha. Philipo alikuwepo. Alikuwa ameleta gunia la mchele, akakaa kwenye kiti alichopewa, akasikiliza mpaka mwisho. Wakati wa kuondoka alimwambia Mughwai kwamba wimbo ni mzuri.

Philipo alirudi wakati wa kiangazi, akamkuta Mughwai amekaa mlangoni. Lucy, mke wa Mughwai, alikuwa ndani, amelala na uvimbe tumboni uliokuwa unakua kila wiki. Miaka ya nyuma hospitali ilikuwa ya bure na haikuwa na dawa. Sasa ilikuwa na dawa na haikuwa ya bure. Mughwai alikuwa ameshauza mbuzi na baiskeli, na daktari alikuwa ameshasema kwamba bila kisu mama huyu hafiki masika.

“Nataka mahadhi tu,” alisema Philipo. “Maneno yako baki nayo. Mimi nina maneno yangu.”

Mughwai alisema kwamba wimbo wa marehemu hauuzwi. Philipo alisema yeye hajataja marehemu, ametaja mafuta. Aliongeza sharti moja, kwamba yale maneno ya kwanza yasiimbwe tena mahali popote, ili wateja wasichanganyikiwe. Lucy alikohoa ndani. Kesho yake Mughwai alipanda gari la Philipo mpaka mjini, na wakarekodi nyuma ya duka la Amri, katika chumba kilichopigiliwa magodoro ukutani. Amri alimwomba arudie ubeti wa kwanza huku akitabasamu, kwa sababu tabasamu linasikika. Mughwai alitabasamu.

Lucy alipasuliwa, akapona. Nyumba ikaezekwa bati.

Na jioni ile ya mnada, kanda ilipozimwa, Antipasi aliweka chini gunia alilokuwa nalo, akaenda kwake. Alimkuta Maria anapepeta uwele. Maria alimtazama, akamsogezea kigoda. Alimuuliza kama kule wanakula, na Antipasi akasema hakumbuki. Alimwekea chakula, naye akakitazama kwa adabu mpaka kikapoa. Hakulala wala hakuzungumza, alikaa tu wima, kama mtu anayesubiri gari. Asubuhi wimbo ulisikika kutoka kiwandani, akasimama, akaenda kazini. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine nayo ikawa hivyo.

Mungaa ilimzoea. Mwenyekiti wa kijiji alimpitia Maria kumuuliza kama mume wake ataanza tena kulipa kodi ya maendeleo. Wenzake wa zamani kiwandani walifurahi mwanzoni, kwa sababu Antipasi alibeba magunia bila kupumzika. Baadaye walimchukia, kwa sababu Philipo aliwauliza wao wanapumzika kwa nini. Wawili waliachishwa kazi. Mmoja wao alimtupia Antipasi jiwe pale njiani, likampata begani, na Antipasi akamshika mkono kuomba msamaha, akidhani amemzibia njia.

Maria alikwenda kwa Philipo kudai mshahara wa mume wake. Philipo alimkaribisha kiti. Alimweleza kwamba mshahara wa Antipasi uliisha siku aliyokufa, kama sheria inavyosema, na tangu hapo anakuja mwenyewe. Hakuna aliyetumwa kumwita. Maria alipotaja wimbo, Philipo alimwambia asikilize vizuri, ule ni wimbo wa mafuta.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mughwai. Siku zote alimwita shemeji. Siku hiyo hakubisha hodi wala hakusalimu.

“Umemwita wewe,” alisema.

“Sikumwita. Niliimba mafuta.”

“Yeye hajui mafuta. Anajua sauti yako.”

Alimwambia anataka jambo moja tu. Auimbe wimbo wa kwanza, mara moja, wote, karibu na Antipasi, ili asikie kwamba amekufa na amekufaje, akapumzike. Mughwai alisema ametoa neno lake kwa Philipo. Maria alimuuliza neno alilompa Antipasi msibani aliliweka wapi. Hapo Lucy akatoka ndani, ameshika tumbo pale penye kovu, akasimama kati yao.

“Ulitaka nizikwe mimi?” alimuuliza Maria. “Angenitungia na mimi wimbo mzuri. Mngekuja, mngelia, mngekwenda zenu.”

“Basi mshukuru Antipasi,” alisema Maria. “Ndiye aliyekulipia kisu.”

Lucy aliingia ndani, akafunga mlango. Wanawake hao walikuwa wamechota maji pamoja tangu walipoolewa. Kuanzia siku hiyo mmoja akifika kisimani, mwingine anamwaga maji yake na kuondoka.

Kijiji kilikuwa upande wa Maria. Watu waliacha kumsalimu Mughwai, na akiwasalimu walijibu kwa kulitazama zeze lake, si yeye. Mtu alizikata nyuzi za zeze hilo alipoliacha nje kidogo. Mtu mwingine alipaka kinyesi cha kuku kwenye bati jipya, na kupanda juu ya bati kwa ajili hiyo kulihitaji ngazi na msaidizi. Mwanawe Ezekieli alirudi kutoka shuleni na jicho limevimba, akakataa kusema ni nani, kisha akasema ni wote. Waliomchukia zaidi ndio waliojua wimbo wote. Waliuimba wakikaanga maandazi, na Mafuta Jua yaliuzwa Mungaa kuliko kijiji kingine chochote, kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu, na yalikuwa ya bei nafuu kwa sababu mpakuzi mkuu hakulipwa.

Jambo moja lilibadilika. Watu waliacha kuimba misibani. Mzee akifa, walikaa uani na kusikiliza upepo, wakazika, wakala, wakatawanyika. Hakuna aliyetaka marehemu wake awe na wimbo ambao mtu angeweza kuununua. Mughwai alikwenda kwenye msiba mmoja bila zeze, mikono mitupu, na wenye msiba wakamwomba asifungue kinywa hata kusema pole.

Mwishowe alipanda gari mpaka mjini, kwa Amri, akamwomba asimamishe kanda. Amri hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia chai na kitumbua, akamwonyesha rafu. Alikuwa ametoa nakala kwa mabasi ya Nduguti, kwa saluni mbili, kwa wenye maduka ya rejareja, na nakala hizo zilikuwa zimezaa nyingine asizozijua yeye.

“Kaka, wimbo ukishauzwa ni binti aliyeolewa,” alisema. “Ukitaka kumwona, unabisha hodi kwa mume wake.”

Mughwai alirudi Mungaa. Alifunga nyuzi mpya. Hakumwambia Lucy. Mchana, wakati mashine zimezimwa ili zipoe, alikwenda kwenye uwanja wa kiwanda na kusimama karibu na lundo la mashudu. Maria alikuwa getini na bakuli lililofunikwa kwa kanga. Kila mchana alileta chakula, akakishika mpaka kikapoa, akakirudisha nyumbani. Philipo alikuwa mlangoni pa ofisi, anakunywa chai. Hakuna aliyemzuia Mughwai.

Aliweka zeze kifuani na vidole vikapata mahali pake. Mahadhi yalikuwa yale yale, hayakuwa yamechakaa. Alifungua kinywa aimbe jina la Antipasi, na yakatoka maneno kwamba Mafuta Jua ni mepesi. Alikatisha, akaanzia katikati, kwenye ubeti wa kinga na choo. Yakatoka maneno kwamba Mafuta Jua ni safi. Aliacha kuimba, akajaribu kusema tu, kama mtu anayesoma, maneno mawili ya mwisho wa kila ubeti. Alisikia sauti yake ikisema nyumba yenye Mafuta Jua haina huzuni. Alikuwa anatabasamu. Philipo alitikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya mtu anayesikia bidhaa yake ikitajwa vizuri.

Antipasi alitokea nyuma ya magunia, ametapakaa unga wa mashudu mpaka kwenye kope. Alisimama wima, mikono mapajani.

“Nipo, bosi,” alisema.

Kisha akaona ni Mughwai. Alimsogelea, akamtazama usoni kwa muda, akamjua. Akakaa juu ya gunia na kumwonyesha jingine, kama walivyokuwa wakikaa zamani machungani. Mughwai alikaa. Kwa ukaribu ule Antipasi alinuka alizeti iliyokaangwa, na chini yake udongo. Alimuuliza habari za Lucy na za Ezekieli, akafurahi kusikia kwamba ni wazima. Halafu akainamisha kichwa.

“Hapa wanasema siku ile nilikuja nimelewa,” alisema. “Mimi sikumbuki kitu. Kuna wimbo nausikia kila siku, nausikiliza sana, nadhani utaniambia, lakini haufiki hapo. Wewe ulikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimelewa?”

Wafanyakazi waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Jibu lilikuwa neno moja, na ulimi wa Mughwai ulikuwa mwepesi sasa, hauna mafuta wala mahadhi. Alijua kwamba akisema, litatoka. Philipo alipuliza chai yake. Juzi tu alikuwa amempa Mughwai habari ya kanda ya pili, ya sabuni, na Lucy alitakiwa kurudi hospitali kutazamwa kovu kabla ya mvua.

“Ulikuwa umekunywa kidogo,” alisema Mughwai.

Antipasi alifikiri.

“Basi ndiyo maana,” alisema.

Alisimama, akajipangusa unga, akamwendea Philipo. Alimwomba radhi kwa usumbufu wa msimu ule, kwa mkanda uliochafuka, na kwa siku ambazo mashine ilisimama kwa sababu yake. Philipo alimwambia yameisha, hayo hutokea, ila asirudie. Antipasi alishukuru. Mashine ziliwashwa, naye akaingia ndani, akasimama mahali pake pa zamani, upande wa mkanda, na mkanda ukaanza kuzunguka ukiwa wazi kama siku zote.

Maria alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. Alivuka uwanja taratibu, kanga ikipeperushwa na upepo, mpaka mbele ya Mughwai, akafunua bakuli, akamnyooshea.

“Shika,” alisema. “Yeye hali. Kula wewe.”

Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda, bado wa moto. Mughwai hakuwa amekula tangu asubuhi. Alipokea kwa mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, akakaa tena juu ya gunia, akala mpaka akamaliza. Maria alimsubiri amesimama, kwa sababu bakuli lilikuwa lake na angelihitaji jioni.